Kipande cha babu na bakodi za shangazi

Chupa arobaini za achari ya embe zilirudi Tanga kwa basi, ndani ya maboksi yale yale zilizoondokea. Shangazi yangu alizifuata stendi ya Kange jioni, akakodi bajaji, akazirudisha dukani kwake Ngamiani. Ndipo akanipigia simu.

"Eti achari yangu ni biskuti," akasema.

Nikadhani anatania. Hatanii. Supermaketi moja ya Dar ilikubali kumjaribu, kwa sharti moja: kila chupa iwe na bakodi (magazeti siku hizi yanaandika msimbomilia, lakini sijamsikia muuza duka hata mmoja akilitamka neno hilo). Shangazi akaenda kwa kijana mwenye duka la stesheni, akamwambia anataka stika zenye "ile mistari". Kijana hakumuuliza namba. Alichukua pakiti ya biskuti iliyokuwa mezani pake, akanakili namba yake, akachapa. Kule Dar, chupa ya kwanza ilipopitishwa kaunta, mashine ikalia vizuri kabisa na kioo kikaandika jina la biskuti za Kenya na bei yake. Chupa ya pili hivyo hivyo. Meneja akafunga maboksi.

Basi wikiendi ile nikapanda basi kwenda Tanga. Shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, chai na mkate wa kumimina, halafu swali: "Wewe si mwandishi wa habari? Hebu niambie, ile mistari inasema nini?"

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu. Nimenunua vitu vyenye mistari hiyo maisha yangu yote na sikuwahi kuuliza. Nilichojifunza tangu siku ile ndicho hiki, na nilifika mbali kuliko nilivyodhani, maana njia ilipita kwenye mashamba ya mkonge na kwenye sanduku la bati la babu yangu.

Tuanze na mistari yenyewe. Haisemi kitu. Yaani haisemi achari, haisemi bei, haisemi imetengenezwa lini wala na nani. Chini yake pana tarakimu 13, na mistari ni tarakimu hizo hizo kwa mwandiko ambao mashine inaweza kuusoma. Mashine inasoma namba, inaipeleka kwenye kompyuta ya duka, na kompyuta inafungua orodha: namba hii ni kitu gani, bei gani, zimebaki ngapi. Orodha isipokuwa na namba hiyo, mashine inalia halafu hakuna kinachotokea. Orodha ikisema biskuti, achari inakuwa biskuti.

Kwa hiyo kitu cha maana si mistari. Ni daftari, na nani analishika.

Waliobuni mistari hii walikuwa vijana wawili wa Philadelphia, Bernard Silver na Norman Joseph Woodland. Silver alimsikia mkuu wa kampuni ya maduka ya vyakula akimwomba mkuu wa kitivo chuoni pao atafute njia ya kusoma taarifa za bidhaa kaunta bila kuandika kwa mkono. Mkuu akakataa, Silver akaenda kumwambia mwenzake. Majira ya baridi ya 1948 kuingia 1949, Woodland alikuwa amekaa ufukweni Miami, akiwaza zile nukta na vistari vya simu ya maandishi ya Morse alizojifunza akiwa skauti. Akachomeka vidole mchangani, akavivuta kuelekea kwake, akaona mistari, mingine myembamba mingine minene. Ndiyo hiyo. (Kila nikipita Raskazone nikawaona watoto wanachora mchangani najiuliza tumefuta mangapi.) Hataza walipata Oktoba 1952, na haikuwaletea faida kubwa, kwa sababu leza na kompyuta za bei ya kununulika hazikuwapo. Mtu wa kwanza kulipia kitu kilichosomwa kwa mistari hiyo alilipa tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio. Kitu chenyewe kilikuwa pakiti za jojo ya Juicy Fruit ya Wrigley, hao hao wa PK tulizotafuna shule ya msingi.

Ulaya wakafuata 1977 na chombo chao, wakarefusha namba mpaka tarakimu 13, na vyombo vya pande zote mbili vikaishia kuwa kimoja kinachoitwa GS1 tangu 2005. GS1 ndiyo inayogawa namba. Kila chombo cha taifa kimepewa mwanzo wake: Afrika Kusini 600 na 601, Kenya 616, Tanzania 620. Hiyo 620 yetu ilianza kugawiwa hapa nyumbani mwanzoni tu mwa miaka ya 2010. Kabla ya hapo mzalishaji wa Tanzania aliyetaka kuuza kwenye supermaketi aliomba namba Kenya au Afrika Kusini, akalipa huko. Kahawa imelimwa kwetu, imefungwa kwetu, na namba yake imeandikwa kwenye daftari la Nairobi.

Na hapa niwarekebishe jamaa zangu wa vijiweni. Mwanzo wa namba hausemi kitu kimetengenezwa wapi. Unasema namba imetolewa wapi, basi. Ukiona 616 usiape kwamba mzigo ni wa Kenya, na ukiona 620 usijisifu mapema kwamba umenunua cha nyumbani.

Sasa tuje kwenye sanduku la bati.

Jumamosi ile shangazi alikuwa anatafuta leseni ya biashara, tujaze fomu ya kuomba hiyo 620. Karatasi zake zote za maana zimo kwenye sanduku la bati lililokuwa la babu. Akatoa hati ya nyumba, vyeti vya kuzaliwa, picha ya harusi iliyoliwa na mende, na chini kabisa kadi ngumu ya rangi ya udongo, imekunjika katikati. Vibox vidogo vidogo, thelathini, kila kimoja na alama ya kalamu. Juu kabisa, namba. Jina la babu limeandikwa pia, ila limekosewa. Namba haijakosewa.

Kilikuwa kipande chake. Babu alitoka Songea miaka ya 1950 kuja kukata mkonge Muheza. Alikuwa manamba.

Neno hilo tumelizoea mno. Tunalitumia kama utani, "usinifanye manamba wako," bila kulisikiliza. Manamba ni namba. Wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyoanzishwa 1944, nayo ilikwenda kuchukua watu mbali: Songea, Njombe, Kigoma, mpaka Urundi ya Wabelgiji. Mtu alisaini mkataba kwa dole gumba, akapewa namba, akapandishwa gari. Waliokuwa wenyeji wa pwani wakawaita kwa kile walichokuja nacho.

Na kipande kilifanyaje kazi? Kila siku ulipomaliza kazi uliyopangiwa, siku hiyo ilitiwa alama kwenye kibox kimoja. Usipoimaliza, kibox kilibaki wazi, na siku ile umeifanyia kazi bure. Mshahara ulikuja vibox vyote thelathini vikijaa, na ulitakiwa uvijaze ndani ya siku 42. Anayetia alama si wewe. Anayejumlisha si wewe. Kadi ulikaa nayo mwenyewe, ndiyo maana leo imo sandukuni, lakini hesabu yenyewe ilikuwa kwenye kitabu cha ofisi ya shamba. Shangazi anakumbuka babu akisimulia siku mbili alizokata mkonge na hazikuonekana kitabuni. Alizidai. Akaambiwa namba yake haina siku hizo.

Tena mfumo haukuanza na Waingereza. Kadi za kazi zilikuwapo Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, tangu 1907. Chini ya Wajerumani mwanamume wa Usambara alipewa kadi iliyomtaka amfanyie Mzungu kazi siku thelathini katika kila miezi minne. Thelathini hiyo hiyo. Serikali ilibadilika, bendera ikabadilika, vibox vikabaki.

Na mkonge wenyewe je? Mkonge nao ulipigwa namba. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, na iliyofika hai Tanga mwaka 1893 ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche 62 nchi hii ikafika kuzalisha tani zipatazo 230,000 kwa mwaka mnamo 1964, nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Zilizouzwa nje ziliondoka zikiwa marobota yaliyoshindiliwa, na robota halikuondoka tupu. Lilipigwa alama ya shamba na daraja la nyuzi. Mnunuzi wa Hamburg au London hakuhitaji kulifungua. Alisoma alama ubavuni akajua mzigo umetoka shamba gani na ni wa daraja gani. Alama ya shamba ilikuwa na heshima yake, na wenye shamba waliilinda.

Kwa hiyo kwenye shamba lile lile, kwa miaka ile ile, palikuwa na alama mbili. Ya robota ilimwambia mtu wa mbali kitu hiki ni cha nani. Ya babu ilimwambia karani wa karibu mtu huyu anadai kiasi gani, na karani ndiye aliyekuwa na kalamu. Namba si mbaya. Sijaandika haya ili tuzichome moto stika za shangazi. Ila ukipewa namba, swali la kwanza ni daftari liko kwa nani na wewe unaruhusiwa kulisoma au la.

Wafanyabiashara wa pwani walilijua jambo hili kitambo. Mwambie mama yeyote wa Tanga akupeleke kununua kanga, umwangalie mikono. Kabla ya kusoma jina anapapasa pindo kutafuta maandishi madogo ya mwenye mali. Yale yanayojulikana kuliko yote, "Mali ya Abdulla", ni ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye duka lake lilianza 1887. Herufi zake, K.H.E., ziko pindoni mpaka leo. Ni alama isiyohitaji mashine. Mteja anaisoma mwenyewe, na daftari liko kichwani mwake: kanga hii haichuji rangi, ile ya jirani ilichuja. Hapo zamani hata kaniki na merikani zilijulikana kwa namna hiyo. Merikani ilikuwa kweli kitambaa cha kutoka Marekani kilicholetwa Unguja na merikebu za Salem, halafu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, 1861 mpaka 1865, vikakata mzigo, viwanda vya Bombay vikaingia sokoni, na watu wakaendelea kuiita merikani. Jina lilibaki, mali ikabadilika. Tofauti yake na biskuti za shangazi ni ndogo.

Haya, turudi dukani, maana chupa bado ziko sakafuni.

Kosa la kwanza tumeshaliona, namba ya watu. La pili lilikuwa rangi. Shangazi anapenda nyekundu, duka lake lina kibao chekundu, basi aliomba nusu ya stika ziwe na mistari myekundu kwenye karatasi nyeupe. Zilipendeza kweli. Hakuna hata moja iliyosomeka. Mashine nyingi za kusomea zinamulika kwa taa nyekundu, na chini ya taa nyekundu wino mwekundu na karatasi nyeupe vinaonekana sawasawa, vyote vinang'aa. Mashine inaona karatasi tupu. Mistari iwe myeusi juu ya nyeupe, na umalize ubishi.

La tatu lilikuwa jua. Kijana alichapa kwa printa ndogo ya joto, ile ile inayotoa risiti. Karatasi yake haina wino, ina kemikali inayogeuka nyeusi ikipata moto. Wewe mwenyewe una risiti za EFD kwenye pochi ambazo sasa ni karatasi nyeupe. Fikiria stika hiyo kwenye kibaraza cha Ngamiani mwezi wa pili. Kwa kitu kinachouzwa wiki hii, kama mkate au maziwa, inafaa na ni rahisi. Kwa chupa itakayokaa rafuni miezi sita, tafuta printa yenye utepe wa wino, inayoyeyusha wino na kuubandika kwenye stika.

Mengine ni madogo ila yanaua. Mistari inahitaji nafasi nyeupe kulia na kushoto, usiijaze picha za maembe. Kipimo chake cha kawaida ni kama milimita 37 kwa 26. Unaweza kukipunguza mpaka asilimia 80, chini ya hapo unabahatisha. Kwenye chupa nyembamba ilaze mistari kama vipago vya ngazi, maana ukiisimamisha inazunguka na mviringo na mashine inaona nusu. Na usifunike kwa nailoni inayong'aa.

Halafu nikamwambia jambo lililomfurahisha. Kwa vitu anavyouza ndani ya duka lake mwenyewe, mchele wa kupima, karanga za vifuko, kashata, hana haja ya kumwomba mtu namba. Namba zinazoanzia 20 mpaka 29 hazikupewa nchi yoyote. Zimeachwa kwa matumizi ya ndani ya duka, kila duka lijipangie. Achari inayokwenda Dar lazima iwe na namba yake ya pekee duniani, na hiyo ndiyo fomu tuliyojaza. Kashata ya kaunta hapana.

Tukakaa na kompyuta yangu na daftari la mistari la kurasa 96. Alitaka kuelewa tarakimu ya mwisho, ya 13, inatoka wapi, maana hakutaka kudanganywa tena. Ni ya ukaguzi. Chukua kashata, tukaipa 200000000015. Tarakimu za nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea unazijumlisha kama zilivyo: 2 na 1, jumla 3. Za nafasi ya pili, ya nne, mpaka ya 12 unazijumlisha kisha unazidisha kwa tatu: 5 mara 3, unapata 15. Jumla 18. Kufika 20 inapungua 2, basi tarakimu ya mwisho ni 2, na namba kamili ni 2000000000152. Mashine inarudia hesabu hiyo kila inaposoma, ikikosea hata tarakimu moja inakataa. Inakamata aliyekosea. Aliyeiba haimkamati, kwa sababu namba ya biskuti ilikuwa sahihi kabisa.

Shangazi alipiga hesabu ya namba kumi na moja kwa kalamu, akapata zote. Mimi nilikosea mbili.

Kisha akauliza: "Na hii orodha ya kwenye kompyuta, nani mwingine anaiona?" Nikamwambia, ikikaa hapa, wewe tu. Kuna vijana wanaouza programu za duka ambamo orodha inakaa kwao, kwenye mitambo yao, na usipolipa mwezi wanaifunga. Akatazama sanduku la bati lililokuwa bado wazi juu ya friji. Akasema orodha itakaa kwenye kompyuta, na nyingine itakaa kwenye daftari la karatasi, kwa mwandiko wake, na kila Ijumaa atalinganisha. Nikaanza kumweleza habari za kuhifadhi nakala kwenye flashi, akaniambia hiyo flashi nimwekee pia.

Tulichapa stika za kashata, karanga na vifuko vya mchele siku hiyo, nyeusi juu ya nyeupe. Mtoto wa jirani wa barabara ya 12 akaja kununua kashata mbili, akaomba azipitishe kwenye mashine mwenyewe. Ikalia. Akaomba arudie, shangazi akakataa maana ingekuwa kashata nne.

Fomu ya 620 iliondoka Jumatatu. Zile chupa arobaini tulizibandua stika kwa maji ya moto na sabuni, gundi iliyobaki tukaitoa kwa mafuta ya kupikia, na ziliisha hapo hapo Ngamiani ndani ya wiki mbili, bila mstari hata mmoja. Thelathini na nane, kwa kweli. Mbili nilirudi nazo Dar, na kwenye daftari la shangazi zimeandikwa kwa jina langu, bado hazijalipwa.